Mvinyo wa Mgeni wa Alhamisi

Katika duka kubwa la vyakula alikofanya kazi, Mama Dakika alikuwa na kona yake: rafu sita za mvinyo, kiti kirefu ambacho hakukikalia, na kitambaa cha kufutia vumbi alichokitupia begani kama kinyozi. Alianza hapo akiwa mfagiaji. Muuzaji wa mvinyo alipoacha kazi ghafla, meneja aliuliza nani anaweza kusoma yaliyoandikwa kwenye chupa na kumweleza mteja bila kumchosha, na yeye akanyoosha mkono akiwa bado ameshika fagio. Wakampeleka mafunzo ya wiki tatu. Mengine alijifundisha mwenyewe, kwa kuonja kidogo kidogo na kuuliza sana.

Wateja wake walikuja jioni, wametoka kazini, macho yamelegea, mmoja kashika kuku, mwingine pakiti ya tambi. Swali lao lilikuwa moja: "Mama, hiki kiende na nini?"

Hakuwapa maneno makubwa. "Kuku ana ngozi, au umemvua? Kama ana mafuta, chukua huu mchachu, ukate mafuta kama limau. Nyama nzito, mwekundu. Pilipili ikiwa kali, chukua wenye utamu kidogo, la sivyo mtalia mezani wageni wakidhani mmefiwa."

"Na nikisahau yote hayo?"

"Chukua mweupe, utie barafuni, umsifu mpishi. Hutakosea."

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe fundi wa lifti, na kijana wao wa pekee, aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya msingi. Kijana huyo tangu utotoni, ukimwita aje kuoga au kula, alijibu, "Dakika moja, mama!" Dakika yake ilichukua hata nusu saa. Baba yake alimwuliza mara nyingi, "Hizo dakika zako zinapimwa kwa saa ya nani?" Jina likamkaa. Mtaani wote wakamwita Dakika, na wazazi wake wakawa Mama Dakika na Baba Dakika.

Kazi zao ziliwatawanya. Siku nyingi kila mtu alikula kwa wakati wake, sahani imefunikwa kwa sahani. Alhamisi tu ndiyo wote watatu walifika nyumbani kabla ya saa moja jioni, na Dakika ndiye aliyeamua kwamba siku hiyo haitapotea. Atapika yeye, chakula kisichozidi dakika ishirini na tano tangu kisu kiguse ubao. Mama ataleta mvinyo wa kwenda nacho. Baba atatoa pointi, kwa sababu baba hakujua kupika wala kuchagua.

"Jaji asiyejua kitu ndiye jaji wa haki," alisema Dakika.

Ikawa hivyo kwa miaka mitatu. Tambi kwa uyoga na vitunguu saumu. Mapaja ya kuku yaliyokatwa membamba ili yaive upesi. Mayai yaliyopigwa kwa nyanya na jibini. Simu ya Dakika ilisimama mezani ikihesabu, naye akizunguka jikoni huku miwani imejaa mvuke, akigonga kabati kwa nyonga. Mama aliweka chupa mezani na kueleza kwa nini ameichagua. Baba Dakika alionja, akakunja uso, akasema kila mara neno lile lile: "Kwangu mimi mvinyo wote ni maji ya zabibu yaliyokasirika." Halafu akatoa pointi sita kwa kumi. Kila wiki sita. Jioni moja tu alitoa saba, kwa samaki wa kukaanga, na Dakika alimbeba mama yake akamzungusha jikoni mpaka kiatu kikamvuka.

Ilikuwa Jumanne mama alipokuwa akianua nguo, Dakika akaja kusimama mlangoni akichezea kitasa.

"Mama, Alhamisi hii lete mvinyo wa mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni njoo mwenyeji apone."

"Mimi siumwi. Nani huyo?"

"Utamwona."

"Wa kike?"

Dakika alicheka akaangalia pembeni, na aibu yake ikamjibia. "Nitapika samaki kwa limau na viazi. Chagua vizuri, mama. Huyu nataka arudi tena."

"Niambie basi hata jina."

"Alhamisi, mama. Siku mbili tu."

Kesho yake Mama Dakika hakuzungumza na mtu kazini kutwa nzima isipokuwa rafu zake. Alishusha chupa, akarudisha, akashusha nyingine. Mwisho akachagua mweupe mmoja, mwepesi, wenye harufu ya tufaha bichi, unaofaa samaki na unaofaa mtu anayeona aibu, kwa sababu hauleti makelele mdomoni. Alhamisi mchana aliuviringisha katika karatasi laini na kuuweka chini ya kaunta, karibu na mkoba wake.

Saa kumi na moja jioni meneja alikuja kwenye kona yake. Alichukua kile kiti kirefu, akakivuta, akamwambia, "Kaa, mama." Katika miaka yote hakuna aliyewahi kumwambia akae. Alijua kabla hajaambiwa.

Lori lilikuwa limekatika breki kwenye kivuko cha watembea kwa miguu mbele ya soko la samaki. Dakika alikuwa ameshafika katikati. Polisi waliwakabidhi miwani yake ikiwa imevunjika kioo kimoja, na mfuko wenye samaki wanne. Samaki hawakuwa na hata mchubuko. Baba Dakika aliuchukua ule mfuko, akatoka nao nje, na hakuna aliyejua alikoupeleka.

Kwenye maziko, katikati ya maumivu yasiyosemeka, mama alikuwa na kazi moja aliyoifanya bila kutaka: kutazama nyuso. Wasichana waliolia walikuwa wengi, walimu wenzake, majirani, dada wa maktaba. Alimtazama kila mmoja akijiuliza, ni wewe? Wewe ndiye uliyekuwa uje? Hakuna aliyejitokeza. Watu wakatawanyika, viti vikarudishwa, na yule mgeni akabaki bila sura.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu. Wale wawili hawakuweza hata kujulishana. Baba Dakika akawa mtu wa kula amesimama. Alirudi kutoka kazini, akanawa mikono kwa muda mrefu ingawa mafuta ya mashine yalikuwa yameshatoka, akachukua sahani yake na kula akiegemea kabati la jikoni, uso ukutani. Akiulizwa alijibu. Asipoulizwa alinyamaza. Meza ikawa ya kuwekea nguo zinazosubiri pasi. Ile chupa mama aliileta nyumbani na kuiweka juu ya kabati, jirani na jiko, ikiwa bado ndani ya karatasi, kwa sababu hakujua pengine pa kuiweka.

Kilichomuuma zaidi ni jina lake. Watu waliogopa kulitaja. Muuza mkate aliyemwita Mama Dakika miaka yote sasa alisema, "Habari za leo, mama... mama yangu," akikwepa kama mtu anayeruka dimbwi. Siku moja Mama Dakika alimshika mkono akamwambia, "Niite. Bado ni mama yake." Yule muuza mkate akalia, ikabidi yeye ndiye ambembeleze.

Miezi minne ilipita hivyo.

Halafu siku moja jioni, Jumatatu, msichana alisimama mbele ya rafu ya mvinyo mweupe bila kugusa chupa. Alikuwa mwembamba, amevaa koti jeupe la kazini lenye vumbi laini la vioo kwenye mikono. Mama Dakika alimwendea kama alivyowaendea wote.

"Nikusaidie, mwanangu?"

"Natafuta mvinyo wa kwenda na samaki. Kwa limau. Na viazi."

"Viazi vya kuchemsha au vya kukaanga?"

"Vya..." Msichana alifikiri. "Sijui. Sikuambiwa."

"Haidhuru. Mko wangapi mezani?"

"Tungekuwa wanne."

Mama Dakika alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea rafuni. Mkono ukapungua mwendo. "Na hao wengine wanapenda nini? Wakali, au wenye utamu?"

"Mama yake anajua kila kitu kuhusu mvinyo, kwa hiyo naogopa kukosea," alisema msichana, sauti ikianza kumkimbia. "Na baba yake... baba yake anasema mvinyo wote ni maji ya zabibu yaliyokasirika."

Hakuna mteja mwingine aliyekuwa pale. Mashine ya barafu ilikuwa ikinguruma. Mama Dakika alishika ubao wa rafu, chupa mbili zikagongana.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Nimepita hapa mara saba. Nilikuwa naingia, nakuona unahudumia watu, naondoka."

"Na mazikoni?"

"Nilikuwepo. Nyuma kabisa, karibu na lango la makaburini. Hakuna aliyenijua. Ningewaambia mimi ni nani? Mchumba ambaye hajaletwa nyumbani si mtu, mama. Nililia kama mpita njia."

Mama Dakika alimkumbatia pale pale, kati ya rafu, vumbi la vioo likamhamia kwenye aproni. Walikaa hivyo mpaka mzee mmoja mwenye kikapu akakohoa kwa adabu na kuuliza kama kuna mtu wa kumshauri kuhusu mvinyo wa nyama.

Msichana alikuwa mkata vioo vya miwani katika duka la mtaa wa pili. Walijuana siku mwanafunzi mmoja alipoikalia miwani ya mwalimu wake. Alimtengenezea. Dakika akarudi kesho yake akisema imelegea, na keshokutwa akasema inabana. "Safari ya tatu," alisema msichana, "nilimwambia, mwalimu, hii miwani haina ugonjwa, mgonjwa ni wewe."

Mama Dakika alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Alisikiliza akiwa ameegemea kabati lake.

"Nimemwalika Alhamisi," alisema mama.

"Umfute kwenye ratiba yako."

"Baba Dakika."

"Sitaki. Aje kufanya nini? Aje kunionyesha alivyompenda? Mimi nimeshindwa kulia, mke wangu. Sitaki mtu aje hapa alie vizuri kunishinda."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema kwa miezi minne. Mama hakubishana. Alhamisi alitoa nguo juu ya meza, akaipangusa, akaweka sahani nne bila kukusudia, akaona alichofanya, akarudisha moja. Baba Dakika alifika kutoka kazini akaona sahani tatu, akanawa mikono, na hakuondoka. Wala hakukaa.

Msichana alikuja na samaki wake mwenyewe kwenye mfuko. Mama aliuona ule mfuko, akatazama pembeni haraka. Walipika wakiwa wawili. Msichana hakuwa mpishi. Alikata viazi vipande vya kila saizi, akaogopa mafuta yaliyoruka. Hakuna aliyeweka simu mezani kuhesabu. Chakula cha dakika ishirini na tano kiliwachukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu kila mara mmoja wao alisimama na kijiko mkononi, amesahau anachokifanya.

Walipokuwa wakipakua, mama alishusha ile chupa juu ya kabati. Akafungua karatasi.

"Huu niliuchagua kwa ajili yako," alimwambia msichana. "Kwa ajili ya siku ile."

Akauzibua. Kabla hata hajamimina alishajua. Miezi minne jirani na joto la jiko, imesimama wima, kizibo kimekauka. Kulikuwa na harufu ya siki, na nyuma yake harufu ya tufaha lililooza. Dukani, chupa kama hiyo angeimwaga kwenye sinki bila kufikiri mara mbili na kumwomba mteja radhi. Alisimama ameishika. Yeye ambaye aliwafundisha watu wote wa mtaa ule wachague nini, alikuwa ameuacha mvinyo wa mkwewe uharibike juu ya kabati kama mtu asiyejua lolote.

"Umekufa," alisema kwa sauti ndogo. "Huu mvinyo umekufa. Niliuweka vibaya."

Akaanza kulia, na safari hii hakujizuia. Msichana akasimama naye akilia, hajui amshike wapi.

Baba Dakika aliliacha kabati alilokuwa ameliegemea. Alichukua chupa mkononi mwa mkewe, akamimina kidogo kwenye glasi, akanywa. Uso ukamkunjamana wote. Akameza.

"Huu," alisema, "ndio umekasirika kweli."

Kicheko kiliwatoka bila ruhusa, wote watatu, kicheko kibaya chenye kamasi, na kilipokwisha Baba Dakika alikuwa amekaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mezani, glasi mbele yake. Wakala. Samaki alikuwa mkavu, viazi vingine vibichi. Msichana alijaribu kusimulia habari za Dakika na vile alivyowafundisha watoto migawanyo kwa kukata mkate, akaikatiza katikati.

Ndipo Baba Dakika aliposema, akimtazama samaki kwenye sahani, "Alinipigia simu."

Mama aliinua kichwa. "Nani?"

"Siku ile. Saa kumi. Nilikuwa ndani ya shimo la lifti, kamba imekwama, mwenye jengo ananipigia kelele kutoka juu. Akaniambia, baba, ukimaliza nipitie sokoni na gari, nina vitu vya kubeba. Samaki, viazi, limau. Nikamwambia, una miguu miwili mizima, itumie. Nikakata simu. Kamba ilikwamuka dakika kumi baadaye. Ningefika. Ningemkuta bado anachagua viazi."

Mama Dakika alimtazama mumewe, na kwa muda mfupi alimchukia. Ilikuwa chuki safi isiyo na huruma, ikamjaa mpaka kwenye vidole. Miezi minne amelala ubavuni mwake na neno hilo kifuani, na yeye akidhani ni ukimya wa huzuni tu. Alitaka kusema, kwa nini hukwenda? Ulikuwa unaokoa nini huko shimoni? Maneno yalifika mdomoni. Kisha akaiona mikono ya mumewe juu ya meza, jinsi ilivyofungwa, na akaelewa kwamba hakuna swali la aina hiyo ambalo mikono ile haijajiuliza.

Msichana ndiye aliyezungumza.

"Baba, alinipigia baada yako."

Baba Dakika hakumtazama.

"Alinipigia akiwa anatembea. Alikuwa anacheka. Aliniambia, mzee kaniambia nina miguu miwili mizima, na kwa kweli ninayo. Akasema, leo nitampikia samaki mpaka anipe nane. Alikuwa anacheka, baba. Aliniambia nisichelewe, nivae kitu chepesi kwa sababu jikoni kwenu kuna joto. Hakuudhika hata kidogo."

"Alikuwa anacheka?"

"Ndiyo."

"Unanidanganya ili nipone."

"Sikudanganyi. Nilikuwa nasikia honi za magari nyuma yake. Niliendelea kumsikiliza. Mimi ndiye niliyekuwa naye kwenye simu. Alisema, 'Subiri kidogo, navuka.' Nikasubiri." Aliweka uma chini taratibu. "Nilisubiri, baba. Nilisubiri mpaka simu ikaisha chaji."

Hapo ndipo yule mwanamume alipolia. Hakulia vizuri. Alilia kama mashine iliyokaa miaka bila kutiwa mafuta, kwa kukwama na kushtuka, paji la uso limegusa kitambaa cha meza. Mkewe aliinuka akasimama nyuma yake akamwekea mikono mabegani. Chuki haikuwa imekwisha yote. Aliiacha ilivyo, akamshika mume wake.

Msichana aliendelea kuja. Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa miezi mitatu hivi, alifika na kitu mkononi, wakapika vyakula vya haraka ambavyo havikuwa vya haraka tena. Alimfundisha Baba Dakika kusafisha miwani yake ya kusomea ipasavyo, akamwambia amekuwa akitazama dunia kupitia mafuta ya mashine. Walimwita mkwe kwa utani, halafu wakaacha, kwa sababu kila mara utani ule uliposemwa kulifuata ukimya. Mama alimfundisha kuonja: avute harufu kwanza, asubiri, asione aibu kusema hapendi. Alikuwa mwepesi kujifunza. Mama alianza kuwaza, bila kumwambia mtu, kwamba Mungu hakuwa amechukua vyote.

Kisha akaanza kuja wiki moja na kuacha moja. Kisha akapiga simu.

"Mama, nikitoka kwenu siwezi kufanya kitu siku mbili. Nikiwa kwenu nahisi yuko jikoni. Nikitoka nje naona hayuko, na inakuwa kama naambiwa upya. Mama yangu mzazi ameniomba nipumzike kidogo."

"Pumzika, mwanangu. Mama yako amesema kweli."

"Hamtanifikiria vibaya?"

"Tutakufikiria. Vibaya hapana."

Alipomweleza Baba Dakika, mzee alikuwa tayari ameshaweka sahani tatu. Aliirudisha moja kabatini bila kuulizwa, akaikung'uta kwanza kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

Mwaka ukapita, na nusu yake. Mama Dakika aliendelea na kona yake. Alizoea tena kuwauliza watu wako wangapi mezani. Siku za mwanzo swali hilo lilimkwama. Baadaye likawa swali tu, isipokuwa siku chache.

Jumamosi moja kabla ya mchana, alikuwa amechutama akipanga rafu ya chini, akaona viatu viwili vya kike na viwili vya kiume vimesimama karibu naye. Akainua macho. Alikuwa msichana wa miwani, uso umejaa kidogo, amesuka nywele. Kando yake alisimama kijana mrefu, ameshika mikono yake nyuma kama mtu aliyeagizwa asiguse chochote.

"Mama," alisema msichana. "Nilitaka usikie kutoka kwangu. Si kwa mtu mwingine."

Mama Dakika alisimama. Magoti yake yalilia. Alimtazama kijana: macho mapole, ukosi wa shati uliopigwa pasi vizuri upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili. Hakufanana na Dakika kwa lolote, na hilo lilimpa nafuu na kumuuma kwa wakati mmoja.

"Shikamoo, mama," alisema kijana.

"Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi. "Hongereni. Hongereni sana. Lini?"

"Harusi ni mwezi ujao. Leo wazazi wake wanakuja kwetu kula," alisema msichana. "Nimepika mwenyewe. Kuku wa tanurini, kwa vitunguu." Macho yalikuwa yamejaa maji lakini hayakumwagika. "Ningeweza kununua popote. Lakini nilisema..."

"Umefanya vizuri kuja." Mama Dakika alikuwa ameshageukia rafu ili wasimwone uso. "Kuku ana ngozi?"

"Ana ngozi."

"Baba mkwe anapenda nini?"

Kijana akajibu, "Baba yangu anapenda chochote, mama, mradi kiwe baridi."

"Basi huyo ni mtu rahisi. Mshukuruni Mungu." Alishusha mweupe mmoja, mzito kidogo, wenye rangi ya majani makavu. Akaueleza wote: uwekwe barafuni nusu saa, usizidi, ukizidi hautasema kitu, ufunguliwe wageni wakiwa wameshakaa, wasiuweke juu ya kabati karibu na jiko. Aliviringisha chupa kwenye karatasi laini, akamkabidhi msichana, na vidole vyao vikakutana chini ya karatasi na kukaa hapo kidogo.

Walipotoka, alimwomba mwenzake wa upande wa jibini amwangalizie kona. Akaenda stoo, akafunga mlango, akakaa juu ya katoni ya mvinyo mwekundu. Alilia akiwa ameuma kile kitambaa cha vumbi ili asisikike dukani. Hakumlilia Dakika peke yake. Alimlilia pia yule binti, aliyekuwa wa kwao kwa miezi mitatu, na ambaye kuanzia leo alikuwa wa watu wengine, kwa haki kabisa, na bila kosa la mtu.

Jioni alimkuta mumewe anamenya viazi. Siku hizi Baba Dakika alipika mara moja moja, taratibu na bila ufundi. Alimweleza yote akiwa bado amevaa viatu.

Mumewe aliendelea kumenya. Ganda likatoka refu, likakatika.

"Ni mtu mzuri?" aliuliza.

"Anaonekana mpole. Kanisalimia vizuri."

"Umemchagulia mvinyo?"

"Nimewachagulia."

"Mzuri?"

"Mzuri kuliko wote tulionao."

Alitikisa kichwa kukubali. Alichukua kiazi kingine, akakigeuza geuza mkononi, hakukimenya.

"Ungewaambia waje siku moja. Wote wawili."

"Niliwaambia walipokuwa wakiaga."

"Akasemaje?"

Mama Dakika alivua kiatu kimoja, akakishika.

"Alisema asante tu."

Baba Dakika akarudi kumenya. Alipomaliza, alitia viazi majini, akawasha jiko, na mkewe akaenda kuleta chumvi.